Tanga halimtaki mvivu

Waambie watu wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba wako wanaopanda mashua ya tanga kwa raha tu, hawavui, hawabebi abiria. Watakujibu: hao wana hela na uvivu, wamekaa upepo uwasukume. Mashua zetu siku hizi ni injini, kwa hiyo siwashangai. Ila si kweli.

Upepo wa nyuma, sawa, unasukuma, na ndio unaokinaisha mapema. Utamu uko kwenye upepo wa mbele. Tuseme ni Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma ziwani, nawe unataka kwenda kusini. Huwezi kuukabili moja kwa moja. Unakwenda bisho, mshazari wa kama nyuzi 45, kisha unageuza upande wa pili. Hapo upepo unaopita kwenye mgongo wa tanga unalivuta mbele, na mkuku, ule uti wa chini ya mashua, unazuia chombo kisiteleze ubavuni. Demani, kamba ya kuongozea tanga, iko mkononi: ukiilegeza mno, tanga linapigapiga na mwendo unakufa, ukiikaza mno, mashua inalala ubavu. Macho yanatafuta mabaka meusi majini, maana ndiko upepo unakuja.

Anayefanya hivyo Jumamosi nzima hurudi hoi, mikono imechubuka kwa kamba. Na wiki ijayo anakwenda tena.