Alisoma Mwongozo, na Bado Mafaili Yakapotea

Wiki hii nimeisikia tena, kutoka kwa fundi ninayemheshimu: mteja kapoteza mafaili kwa sababu hakusoma. Nimechoka kuisikia, hiyo na dhana nyingine kuhusu miongozo ya programu za bakapu.

Dhana: Mwongozo upo, watu hawasomi tu.

Alisoma. Nilipofika kwake, mwongozo wa rsync, programu ya kunakili mafaili, ulikuwa bado wazi kwenye skrini. Alitaka kunakili folda ya hesabu kwenye diski ya nje, ambayo tayari ilikuwa na folda za picha na mikataba. Akaandika:

`rsync -a --delete hesabu/ /mnt/bakapu/`

Tazama mkwaju, alama ya `/`, ulio baada ya `hesabu`. Ukiwepo, rsync hunakili vilivyomo ndani ya folda. Usipokuwepo, hunakili folda yenyewe. Hapa, basi, diski nzima ilitakiwa ifanane na yaliyomo ndani ya hesabu, na `--delete` ikafagia kila kisichokuwamo. Picha zikaenda, mikataba ikaenda. Bila mkwaju ule, ufutaji ungeishia ndani ya `/mnt/bakapu/hesabu`.

Ndiyo, yote yameandikwa. Hata ushauri wa kujaribu kwanza kwa `--dry-run` umo. Ila habari ya mkwaju iko sehemu moja, ya `--delete` iko mbali huko chini kwenye orodha ndefu ya machaguo, na msomaji ndiye anayeachiwa kuziunganisha. Orodha ya namna hiyo inamfaa anayejua anachotafuta. Mgeni anahitaji mfano: diski ilivyokuwa kabla ya amri, ilivyo baada yake, pamoja na mkwaju na bila mkwaju. Na mfano wowote unaofuta uanze na `-n`, ufupisho wa `--dry-run`, inayoonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu:

`rsync -avn --delete hesabu/ /mnt/bakapu/`

Angeona mistari inayoanza na `deleting picha/` kabla hajapoteza hata faili moja. Mimi nisingeruhusu `--delete` ionekane kwenye mwongozo wowote bila mstari huo juu yake.

Dhana: Ukitafsiri kwa Kiswahili, umeeleweka. Sentensi yenye utata ikitafsiriwa, utata unahamia kwenye Kiswahili. Rekebisha mfano kwanza, tafsiri baadaye.

Dhana: `restic forget`, amri ya programu ya bakapu iitwayo restic, hurudisha nafasi kwenye diski. Huondoa nakala kwenye orodha tu. Data yenyewe hubaki mpaka uendeshe `prune`, amri inayoifuta kweli, au uongeze `--prune` kwenye amri hiyohiyo. Jina la amri linapotosha, kwa hiyo maelezo haya yakae mstari wa kwanza kabisa.

Dhana: Kurejesha data ni sura ya mwisho. Iandike kwanza! Anayeifungua kapoteza kazi ya watu na mikono inamtetemeka. Mpe amri kamili, yenye njia ya folda anakorejesha, ainakili na kubadilisha jina moja tu. Na nenosiri la restic likipotea, data haifunguki tena, hata kwa walioitengeneza programu. Onyo hilo liwe palepale kwenye hatua ya `init`, ya kuanzisha hifadhi ya bakapu, kabla mtu hajachagua nenosiri lenyewe.