Antena ya CB ya nje: adui yako ni maji

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati antena hapa Uingereza. Waswahili wenzangu wanaovutiwa na redio ya CB, yaani redio ya mawasiliano ya raia wa kawaida, karibu wote huanza na swali moja: ninunue redio gani? Huwa nawaomba swali hilo walisogeze nyuma kidogo. Redio halali za CB hapa zina kikomo cha wati 4 kwa FM na AM, na wati 12 kwa SSB (njia ya kurusha upande mmoja tu wa wimbi), ziwe za bei kubwa au za bei ndogo. Anayesikika mji wa jirani na asiyevuka mtaa wake wanatofautiana kwa vitu vilivyo nje ya nyumba: antena, kebo, na pale viwili hivyo vinapokutana.

CB iliruhusiwa nchini humu Novemba 1981, kwa FM peke yake. Leseni iliondolewa mwaka 2006, na AM pamoja na SSB zikaruhusiwa mwaka 2014. Ndiyo maana leo mtu anaweza kununua vifaa Jumamosi na kuwa hewani Jumapili. Wasomaji wangu wa nyumbani msichukue hilo kuwa ruhusa. Kabla ya kusimamisha mlingoti Tanga au Mombasa, ulizia kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Tuje kwenye antena yenyewe. Wimbi la CB lina urefu wa takriban mita 11, na vipimo vyote vinatoka hapo. Antena ya robo wimbi ni kama mita 2.7 na inahitaji fito za chini za kuisaidia. Ya nusu wimbi ni kama mita 5.5. Ya tano ya nane (5/8) inakaribia mita 7. Wauzaji husifu sana hiyo ndefu, na kweli inaongeza kidogo, lakini pia inakamata upepo kuliko zote. Kwa nyumba ya kawaida ya mjini mimi hupendekeza nusu wimbi ya faibaglasi, kisha pesa iliyobaki iende kwenye kimo. Upeo wa redio kwa kilomita ni karibu mara 4.1 ya kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Antena iliyo mita 4 juu ya ardhi ina upeo wa kama kilomita 8. Ukiipandisha hadi mita 9, unapata 12 na zaidi. Hakuna redio dukani itakayokupa nyongeza hiyo.

Isimamishe wima. Madereva wa malori unaowasikia chaneli 19 wana antena zilizosimama, na ukiilaza yako, nguvu unayopokea kutoka kwa mwenzako inaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia.

Mlingoti ufungwe kwenye ukuta imara, kwa mabano mawili yaliyoachana vya kutosha. Watu wengi hapa hukimbilia dohani kwa sababu ndiyo sehemu ya juu kabisa ya nyumba. Mimi sipendi. Matofali ya dohani yamechoka kwa moshi na baridi, na fito ya mita tano juu yake huyatikisa usiku kucha dhoruba inapopiga. Ukiweka kamba za kushikilia mlingoti, chagua za poliesta, si waya wa chuma, kwa kuwa waya mrefu ulio karibu na antena unaingilia mawimbi yake.

Na nyaya za umeme: ziangalie kabla hujafungua hata boksi. Jumlisha urefu wa mlingoti na antena, zidisha mara mbili, na hiyo iwe nafasi ndogo kabisa kati ya kituo chako na waya wowote wa umeme ulio juu. Antena ikianguka haichagui upande, na aliyeishika wakati huo ndiye anayekufa. Mahali pasipo na nafasi hiyo, hapafungwi antena. Mteja akinisihi vipi, jibu langu ni hilohilo.

Sasa kebo, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kebo nyembamba ya RG-58 ni rahisi na inapinda vizuri, lakini mita 30 zake hula zaidi ya theluthi ya nguvu yako njiani. RG-213, iliyo nene kama kidole, kwa urefu huohuo hula karibu moja ya tano. Kwa mita kumi tofauti ni ndogo, usijisumbue. Kwa nyumba ya ghorofa na bustani ndefu, nunua nene.

Hata hiyo nene haidumu ikiingia maji. Plagi ya PL-259, ambayo karibu kila redio ya CB hutumia, haikuundwa kuzuia mvua. Maji yakipenya pale juu, wavu wa shaba ulio ndani ya kebo huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na huyavuta mita baada ya mita. Shaba inageuka nyeusi, kisha kijani. Nje hutaona kitu: ganda la kebo ni zima, antena imesimama, kila kitu kinapendeza.

Kiungio cha kebo na antena mimi hukifunga hivi. Kwanza plagi ilehemiwe vizuri, waya wa kati na wavu pia, kisha niikaze kwenye antena. Halafu nachukua utepe wa mpira unaojishika wenyewe, nauvuta mpaka upungue upana, na kuuzungusha kuanzia chini kwenye kebo kupanda juu hadi kwenye mwili wa antena, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukianzia chini, maji yanayoshuka hupita juu ya mikunjo badala ya kuingia katikati yake. Juu yake naongeza utepe wa kawaida wa umeme wenye ubora, maana jua huutafuna ule wa mpira. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, usiitumie hata kidogo: asidi yake inaila shaba unayotaka kuilinda. Mwisho, kebo inapoingia nyumbani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta ili matone yadondokee nje.

Karibu na antena, chini ya kiungio, zungusha kebo mizunguko mitano au sita yenye upana wa sahani ndogo na uifunge vizuri. Inazuia mawimbi kurudi juu ya ganda la nje la kebo hadi ndani, ambako huingia kwenye spika za jirani na kuleta ugomvi.

Upimaji wa SWR, kipimo kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, si mgumu. Pima chaneli 1, 20 na 40. Ikiwa juu zaidi kwenye 40, antena ni ndefu, ifupishe. Ikiwa juu zaidi kwenye 1, ni fupi, irefushe. Ukipata 1.5 simama hapo: ni asilimia 4 tu ya nguvu inayorudi, na kuhangaika kutafuta 1.1 hakutakuongezea hata kilomita moja. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na hapo usitangaze mpaka ujue sababu.

Yaandike majibu hayo siku ya kwanza, kwa kila chaneli, na karatasi uibandike nyuma ya redio. Kuna mtego wengi hawaujui. Kebo iliyoingia maji hula nguvu inayopanda na pia inayorudi, kwa hiyo mita iliyo ndani ya nyumba huonyesha SWR nzuri kuliko mwanzo. Mtu anafurahi antena imejirekebisha yenyewe, kumbe kebo inakufa. SWR ikishuka bila wewe kugusa kitu, mashaka yaanze siku hiyohiyo.

Kuhusu radi, hakuna kifaa kitakachokukinga ikikupiga moja kwa moja. Wingu likianza kunguruma, kebo ichomolewe na itolewe nje ya dirisha. Suala la athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, lina hatari yake hapa Uingereza. Nyumba nyingi zinatumia mfumo uitwao PME, ambamo athi ya nyumba imeungwa na waya wa nyutro wa mtaani. Waya huo ukikatika barabarani, kila chuma kilichoungwa na athi ya nyumba kinaweza kubeba umeme, ukiwemo mlingoti wako bustanini, na anayeugusa amesimama kwenye udongo uliolowa. Kwa hiyo usichomeke nondo ardhini na kuiunga na nyumba kwa kubahatisha. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa, mwambie neno PME, atajua.

Matengenezo nayafanya masika, baridi inapoisha, na tena Septemba au Oktoba kabla ya dhoruba. Kaza nati, angalia kutu pale alumini inapogusana na chuma, badilisha kamba zilizolika. Kwa walio pwani, paka grisi kwenye bolti, chumvi haina huruma. Ukitumia multimita kati ya waya wa kati na wavu, kumbuka kwamba antena nyingi za nusu wimbi zina koili chini, hivyo kusoma karibu sufuri ni kawaida kwao, si hitilafu. Dipoli ya kawaida, yenye fito mbili zisizogusana, haionyeshi muunganisho wowote.

Ukishuku maji, fungua plagi ya juu na ukate kebo sentimita kumi. Shaba iking'aa, weka plagi mpya na ufunge upya. Ikiwa nyeusi, kata tena. Ukifika mita mbili na bado ni nyeusi, usiendelee kukata. Ishushe kebo yote, nunua nyingine, na safari hii funga kiungio kabla hujapandisha mlingoti.