Mkono baada ya kiharusi: unapimwaje?

Mzee ananishika mkono kwa nguvu kweli siku hizi. Si ndiyo kupona huko?

Swali hili nakutana nalo mara kwa mara hapa Mbeya, na jibu langu huwavunja ndugu moyo. Kufumba kiganja mara nyingi hutangulia kurudi, na wakati mwingine si nguvu hata kidogo, ni misuli imekaza. Mimi naangalia kufumbua. Mpe kikombe kitupu cha plastiki, akishike, kisha mwambie akiachie. Wengi hukikamata vizuri, halafu vidole vinagoma. Utamwona anavibandua kimoja kimoja kwa mkono ule usiougua, anacheka kwa aibu. Kazi iliyobaki iko hapo.

Siku ya kwanza daktari alimwinulia mkono akahesabu mpaka kumi. Alitafuta nini?

Alitazama kama mkono unashuka. Aliyekaa hunyoosha usawa wa bega, aliyelala nyuzi 45, kwa sekunde 10. Ukibaki juu anapata 0. Usiposogea kabisa, 4. Kwa hiyo hapa namba kubwa ni mbaya. Kumbukeni hilo, maana kipimo kinachofuata kiko kinyume, na nimeona familia ikishangilia namba isiyostahili.

Kwenye faili wameandika 28/66. Amefeli?

Huu si mtihani wa darasa la saba, mama. Hicho ni kipimo cha Fugl-Meyer, kilichotolewa mwaka 1975 na Axel Fugl-Meyer na wenzake wa Sweden. Sehemu yake ya mkono ina vipengele 33: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, vidole, hadi kugusa pua kwa kidole. Karibu kila kipengele kina 0 kama hawezi, 1 akiweza nusunusu, 2 akiweza sawasawa. Mwenye 28 mkono wake haujafa, ila viungo vyake havijaachana: akiinua bega, kiwiko nacho kinajikunja bila kuitwa. Muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia mwezi jana alipata ngapi. Na apimwe kwa mkao uleule, koti limevuliwa, hata kama ni baridi ya Julai.

Na vile vibao vidogo vya mbao?

Ni kuhesabu tu vingapi amevivusha upande wa pili wa sanduku lenye kizuizi katikati, kimoja kimoja, ndani ya sekunde 60.

Inawezekana kujua mapema kama mkono utarudi?

Kwa kiasi. Ndani ya saa 72 za mwanzo huangaliwa mambo mawili: kupeleka mkono pembeni kutoka begani, na kunyoosha vidole. Mwenye yote mawili, hata kwa udhaifu, ana nafasi kubwa ya kuutumia mkono baada ya miezi sita. Asiye nayo nafasi yake ni ndogo, lakini ipo, kwa hiyo msimwambie "basi tena".

Nyumbani tupime nini?

Anachokifanya kila siku: kumega tonge la ugali, kumenya ndizi, kufunga kifungo cha shati. Andikeni kwenye kaunta buku tarehe na alivyofanya: peke yake, kwa kusaidiwa, au ameshindwa. Msimvute kwa mkono huo mnapomwinua kitandani. Bega lililolegea huchomoka kirahisi. Na siku mkono ukilegea ghafla kuliko jana, acheni daftari mezani, iteni bajaji mwende hospitali saa hiyohiyo.