Dogo, views za kununua hazikulipi

Wiki haipiti hapa ofisini Area C, Dodoma, bila msanii kuja na video yake mpya af swali la kwanza ni "kaka, unamjua anaeuza views?" Mimi nashuti, naedit na chaneli za wasanii kadhaa nazisimamia, nimechoka kurudia, kwahiyo naandika nikiulizwa tena namtumia mtu hii hii.

DHANA: Nunua views, namba ikiwa kubwa hela na mashabiki vinafuata.

UKWELI: Hapana aisee. Zile ni roboti na YouTube wanazisafisha, unalala una laki mbili unaamka na elfu tisa, af lawama zote kwangu. Kuna dogo alinitangaza kwa washkaji kwamba views zake nimemuuzia msanii mwingine, sasa views naziuzaje, kwani ni zabibu? Nikafungua YouTube Studio, app ya takwimu za chaneli, kwenye simu yake mwenyewe, grafu ya watu kutazama inaanza juu, sekunde ya 8 ishadondoka chini kabisa, nchi zinazoongoza hata Kiswahili hawakijui, komenti tatu na mbili kaandika yeye.

Njoo kwenye hela sasa. Ili upate mgao wa matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliosabskraibu na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 (ipo na njia ya Shorts, zile video fupi za YouTube, tuiache). Wanataka masaa. Piga hesabu, watu laki moja wakikaa sekunde kumi kumi wakasepa ni masaa kama 278 tu, ila watu elfu 80 wakikaa dakika tatu tatu hapo una 4,000 kamili. Na za roboti hazihesabiwi kabisa. Kulipia video yako ioneshwe kama tangazo kupitia Google Ads ni kitu kingine, hizo ni views halali, ila tangu 2019 hata YouTube wenyewe hawaziweki kwenye rekodi za video za muziki zilizotazamwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza.

Enzi za TV mtu alikuwa anaisubiri nyimbo yako, ikija anaitazama yote hata kama hajaipenda, atafanyaje na rimoti anayo baba. Leo kila mtu ana kidole chake na bando lake. Ile intro yako ya dakika nzima, droni juu ya mashamba ya zabibu Hombolo, gari la kuazima, mshkaji anaongea na simu kwa hasira, mtu wa Majengo mwenye bando la buku ashahama kitambo. Nyimbo ianze ndani ya sekunde tano! Na hiyo hela ya views shuti vipande vifupi vya kupost wiki nzima. Nawaambia kila siku, hawataki, wanataka droni.

DHANA: Siku hizi watu hawaangalii video, wanasikiliza tu.

Wanaangalia, ila kwa vipande. Nenda saluni yoyote, video zinapiga kwenye TV kama redio, mtu anainua macho kiitikio kikiingia. Basi picha yako kali iweke hapo.

DHANA: Tuitazame wenyewe kwa kurudia rudia usiku kucha kwa simu kumi.

Mfumo unawajua. Mtamaliza bando tu.

DHANA: Kaka umeniharibia video, ina ukungu.

Sijaharibu kitu. YouTube ikipokea faili inatengeneza nakala za viwango tofauti, inaanza na vya chini, HD na 4K zinakuja baadae, na hata zikiwa tayari simu inajichagulia kulingana na mtandao, uko kwenye basi la Kondoa mtandao unasuasua unategemea nini zaidi ya 240p? Ipe masaa kadhaa, gusa alama ya gia, chagua 1080p (ndo HD yenyewe) mwenyewe. Ikibaki na ukungu hapo ndo unipigie, ila sio saa saba usiku.