Ua Jekundu Halitoi Kitambaa Chekundu

Wiki iliyopita shangazi wa bibi harusi mmoja alifika kwenye karakana yangu hapa Ujiji akiwa na kikapu kilichojaa maua mekundu ya haibiskasi, akaniambia kwa upole na kwa uhakika wote: "Fundi, maua ndiyo haya, naomba unitolee doti mbili za rangi hii hii." Nilimkaribisha, nikampa kiti, kisha nikamweleza jambo ambalo nimekwisha kulieleza mara nyingi mno, kwamba wekundu wa ua hauhamii kwenye kitambaa kwa sababu tu vimechemshwa katika sufuria moja. Aliondoka akiamini kwamba sikuitaka kazi yake. Imeniuma, ndiyo maana ninaandika.

Sehemu ya lawama ni yangu, kwa kuwa kila ninapoulizwa hujibu kwamba batiki zangu zinatokana na maua: mauapori ya kando ya reli, bustani za majirani, na yale ninayoyachora daftarini nikiwa safarini. Watu wanaelewa neno "zinatokana" kama asali inavyotokana na maua. Ninachokichukua kwenye ua ni umbo, mpangilio wa petali, na jinsi rangi moja inavyokaa jirani na nyingine bila kugombana nayo. Rangi ya kutia kwenye kitambaa naitafuta kwenye gome, kwenye mzizi, kwenye jani au kwenye ganda la kitunguu.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Hakuna anayetwanga majani ya mhina akitarajia viganja vya kijani, na anayeloweka zafarani kwa ajili ya pilau anajua kwamba nyuzi zile nyekundu zitatoa maji ya manjano. Mnili una majani ya kijani na maua ya waridi. Buluu yake haionekani mpaka majani yalowekwe yachachuke, kisha maji yake yakorogwe yapate hewa. Jikoni na kwenye sherehe tunayajua haya yote, lakini tukifika kwenye nguo tunayasahau. Nadhani viwanda vimetuzoesha vibaya. Tangu mwaka 1856, mkemia Mwingereza William Henry Perkin alipotengeneza zambarau yake ya maabara huko London, macho yamezoea kwamba kila rangi inayoonekana duniani inaweza kuvaliwa.

Wekundu, zambarau na buluu ya maua mengi hutokana na kemikali ziitwazo antosiani. Hizi huyeyuka upesi katika maji, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu sufuria inakuwa nyekundu vizuri kabisa na kitambaa kinatoka kikiwa cha kupendeza. Lakini antosiani haitulii. Chukua maji ya choya, ile rozela ya kutengenezea juisi, uyagawe katika bilauri mbili, moja uikamulie limau na nyingine uitie chembe ya magadi: ya kwanza itazidi kuwa nyekundu, ya pili itageukia buluu na ukijani mbele ya macho yako. Hapa Kigoma tatizo ni kubwa zaidi, kwa maana maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana asili ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi ambapo 7 ni katikati, ikikaribia 9, kwa hiyo kitambaa kilichotoka sufuriani kikiwa na rangi ya waridi hugeuka kijivu chenye ubuluu kikisuuzwa ziwani. Vitabu vingi vya utiaji rangi vimeandikwa kana kwamba maji ni maji tu. Siku hizi nakinga maji ya mvua, na yakiisha nasimamisha kazi.

Hata ukiyashinda maji, jua litakushinda. Miaka ya mwanzo nilikubali kuitengenezea hoteli moja vitambaa vya meza kwa choya na shabu, ile chumvi inayosaidia rangi kushika kitambaa, vikasifiwa sana siku ya kwanza, na kabla miezi miwili haijatimia vile vilivyokuwa karibu na madirisha vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilirudisha fedha yote. Tangu hapo, rangi yoyote mpya naitia kwanza kwenye kipande kidogo, nusu yake naifunika kwa kadibodi, kisha nakining'iniza dirishani wiki mbili. Nusu mbili zikitofautiana, rangi hiyo haiuzwi.

Bogonvilia nayo ni vilevile. Tena zile sehemu zake zenye rangi ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni dogo jeupe katikati. Manjano ndiyo karibu rangi pekee ambayo maua huitoa kwa uaminifu, na mbangimwitu, ambao wakulima wanaung'oa kwa hasira, umenipa manjano ninayoyathamini kuliko ya binzari, kwa kuwa ya binzari hupauka juani.

Ombi linalonigusa zaidi ni la wale wanaotoka Tabora kwa treni mwezi wa Septemba au Oktoba, wakapita kati ya Kaliua na Uvinza wakati miti ya miombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua. Wananiambia: "Tutolee msitu ule." Nawaelewa, kwa sababu nami nimekaa dirishani nikiutazama mpaka macho yakaniuma. Lakini wekundu wa majani yale machanga ni antosiani tena, na baada ya majuma machache mti wenyewe huuacha. Katika msitu huohuo yupo mninga, ambao maua yake ni ya manjano na gome lake likikatwa hutoka utomvu mwekundu kama damu. Huo ndio wekundu wangu. Naokota magome na mabanzi kwa mafundi seremala, sikati mti.

Kuhusu kuandaa pamba sitakawia: ichemshwe na magadi mpaka uchafu na nta yake vitoke, ilowekwe kwenye tanini, ule ukakasi wa magome na majani, kisha kwenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Kiasi hicho nakifuata kwa mazoea kuliko kwa yakini. Magome ya mininga miwili iliyokuwa imesimama hatua kumi tu kutoka mmoja hadi mwingine yamewahi kunipa rangi ya tofali kwa mmoja na kahawia kwa mwingine, kwa shabu ileile na maji yaleyale, na nimeacha kumwahidi mtu yeyote kwamba doti ya pili itafanana na ya kwanza. Isitoshe, nta ya batiki, ninayoichorea ili rangi isipenye pale ilipo, huyeyuka katika maji ya moto, kwa hiyo kitambaa nakichovya kwenye rangi iliyopoa, mara sita, mara nane, nikikianika kila mara.

Shangazi yule akirudi, nitamchorea haibiskasi yake kwa nta, petali tano na ile shina ndefu ya katikati inayobeba chavua, kisha nitamwonyesha wekundu wa mninga, ulio karibu na udongo kuliko damu. Akisema bado anataka wekundu wa kikapuni, nitamtolea kwa rangi ya kiwandani, na sitamficha kwamba ni ya kiwandani.