Jade Goody Mbele ya Hukumu ya Umma: Dhana Potofu na Ukweli

Jade Goody wa Bermondsey, kusini mwa London, aliyepata umaarufu kwa kushiriki vipindi vya uhalisia vya televisheni, alifariki tarehe 22 Machi 2009 akiwa na umri wa miaka 27 tu. Hadi leo anapotajwa, watu hugawanyika: wengine humlaani na wengine humtakasa. Naamini pande zote mbili zinamkosea haki, kwa kuwa kila upande unachukua kipande kimoja cha maisha yake na kukiita mtu mzima.

Dhana potofu: Alikuwa mpumbavu aliyestahili kuchekwa.

Alipoingia mwaka 2002 katika Big Brother ya Uingereza, kipindi cha televisheni ambacho washiriki huishi pamoja ndani ya nyumba moja wakirekodiwa, alidhani kwamba Anglia Mashariki, eneo lililomo ndani ya Uingereza yenyewe, ni nchi ya kigeni, na magazeti yakamfanya kichekesho cha taifa hata yakamfananisha na nguruwe. Waliocheka hawakujiuliza msichana huyo alisoma lini na alitunzwa na nani. Baba yake alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya aliyewahi kufungwa gerezani, na dawa hizo ndizo zilizomuua mwaka 2005. Mama yake alipoteza uwezo wa kutumia mkono mmoja baada ya ajali ya pikipiki, Jade akiwa bado mtoto mdogo, na kuanzia hapo mtoto ndiye aliyemhudumia mzazi. Aliyekosa utoto hawezi kulaumiwa kwa kukosa jiografia, na aibu ya jambo hili nadhani inawaangukia watu wazima waliolipwa kuandika matusi yale.

Dhana potofu: Kwa kuwa aliteseka utotoni, hana lawama kwa aliyomtendea Shilpa Shetty.

Hapa siwezi kuwaunga mkono wanaomtetea. Januari 2007, katika toleo la watu mashuhuri la kipindi hichohicho, Jade alimfokea na kumdhalilisha mwigizaji huyo wa India, akambandika jina la papadamu, aina ya mkate mwembamba mkavu wa Kihindi, badala ya jina la ukoo wake. Shilpa alikuwa mgeni, peke yake, akizungukwa na watu waliokuwa wakichekana pembeni. Maisha magumu yanaweza kutueleza hasira ilitoka wapi, lakini hayampunguzii aliyetukanwa maumivu yake. Jade mwenyewe, baada ya kutolewa na kuona picha zilizorushwa, aliomba radhi hadharani.

Dhana potofu: Kosa lilikuwa lake peke yake.

Malalamiko zaidi ya 44,000 yalifika Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, mdhamini wa kipindi akasitisha udhamini, na huko Patna, India, waandamanaji walichoma sanamu za watayarishaji. Waandamanaji hao waliona jambo ambalo watazamaji wengi wa Uingereza hawakuliona, kwamba nyumba ile ilikuwa na wenyewe, waliochagua nani akae na nani, na kipi kirushwe usiku. Mei 2007 Ofcom iliamua kwamba Channel 4, televisheni iliyorusha kipindi hicho, ilikiuka kanuni za utangazaji, ikaiamuru itangaze uamuzi huo hewani. Hata hivyo, jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Jade, kwa kuwa taasisi haina uso wa kuzomewa.

Dhana potofu: Alitumia saratani kusafisha jina lake.

Agosti 2008 alikwenda India kushiriki Bigg Boss, toleo la India la Big Brother, lililoendeshwa na Shilpa Shetty mwenyewe, na akiwa ndani ya nyumba hiyo akapata taarifa kwamba ana saratani ya shingo ya kizazi. Ni kweli kwamba baadaye aliuza haki za picha za harusi yake ya tarehe 22 Februari 2009. Hakuficha sababu: alitaka fedha za kuwasomesha wanawe wawili, ambao alijua atawaacha wakiwa wadogo. Sioni kwa nini mama aliyekulia katika ufukara atukanwe kwa kuhesabu karo za watoto wake akiwa kitandani.

Wanaosema ugonjwa wake ulikuwa maonyesho tu wanasahau kilichotokea katika kliniki. Kati ya katikati ya mwaka 2008 na katikati ya mwaka 2009, wanawake zaidi ya 400,000 kupita idadi iliyotarajiwa walijitokeza nchini England kupimwa shingo ya kizazi, na miongoni mwao walikuwamo wengi waliokuwa wamechelewa kupima.