Kung'oa jino ukiwa kwenye warfarini

"Acha dawa siku tano kwanza, la sivyo damu haitakata." Ushauri huu umezunguka miaka mingi, na si wa kipuuzi: warfarini huchelewesha damu kuganda, na ukiiacha huchukua siku kadhaa nguvu zake kuisha. Lakini pengo la jino liko mbele ya macho ya daktari. Anaweza kulishona, au kukupa pamba uing'ate kwa nguvu mpaka damu ikate. Lakini ukiacha dawa, bonge la damu likaziba mshipa wa ubongo au vali bandia ya moyo, hakuna pamba ya kufika huko.

Ndiyo maana miongozo ya Uingereza huruhusu kung'oa bila kusimamisha warfarini ikiwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iko chini ya 4 na imepimwa ndani ya saa 24 (saa 72 kwa ambaye kipimo chake hakiyumbi). Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, kama apiksabani, vina utaratibu wake. Aliyekuandikia ndiye wa kuulizwa.

Hatari isiyotajwa sana huja baadaye, kwenye duka la dawa. Metronidazoli, dawa ya kuua bakteria inayogawiwa kwa jino kama pipi, huongeza nguvu za warfarini. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo huchochea kutoka damu. Kwa maumivu, parasetamoli kwa siku chache ni salama zaidi.